Jina la mto wetu ndani ya kitabu cha vita: tulivyosoma Rainbow Six ya Tom Clancy



Katika vijitabu vya ushirika wetu tumezoea kuandika juu ya mahari, ngoma, majina ya watoto na methali za wazee. Wengine watauliza: kitabu cha Mmarekani juu ya maaskari wanaopigana na magaidi kinaingia hapa kwa mlango gani? Jibu letu ni fupi. Kinaingia kwa sababu vijana wetu wanakisoma, na kwa sababu ndani yake kuna jina la mto wa inchi yetu. Tena kinaingia kwa sababu ni sisi wenyewe, mwalimu wa kifaransa hapa Butembo, tuliomwazima mwanafunzi kitabu hicho, na mambo yaliyofuata yalitufundisha kwamba hadithi si kitu cha mchezo. Wazee wetu wa kyaghanda walijua hilo mbele yetu, wakati wa kuota moto na kufundisha vijana. Sisi wa diploma tulichelewa kulijua.

1. Kitabu chenyewe

Tom Clancy alizaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1947, akafa mwaka 2013. Watu mingi wanazani alikuwa askari mkubwa. Hapana. Macho yake yalikuwa mabovu, jeshi halikumchukua, akafanya kazi ya kuuza bima. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1984, na tangu hapo akawa mtu wa kuandika vita: silaha, ndege, wapelelezi, marais. Rainbow Six ilitoka mwaka 1998, kurasa zaidi ya 700. Kwa kifaransa ilitolewa kwa vitabu viwili. Sisi tulivinunua sokoni kwa wale wanaotandika gunia chini na kupanga vitabu vya zamani, kimoja kikiwa bila jalada.

Hadithi ni hii. John Clark, mpelelezi wa zamani wa CIA, anaunda kikosi cha maaskari waliochaguliwa toka mataifa mbalimbali. Kikosi kinaitwa Rainbow, maana yake upinde wa mvua, na makao yake ni Hereford, Uingereza. Kazi yao ni moja: pahali popote magaidi wanashika watu, wao wanaenda kuwaokoa. Wanaanza na banki moja kule Uswisi, kisha nyumba ya tajiri kule Austria, kisha uwanja wa michezo ya watoto kule Hispania. Mambo hayo yanafuatana sana, na pole pole tunagundua kwamba kuna mtu anayelipa magaidi hao: Dmitriy Popov, mpelelezi wa zamani wa Urusi. Na nyuma ya Popov kuna tajiri John Brightling, mwenye kampuni kubwa ya dawa. Brightling na wenzake wanapenda miti na wanyama kupita watu. Wanataka kuua karibu wanadamu wote ili dunia ipumzike. Chombo chao ni virusi vinavyoitwa Shiva, vilivyotengenezwa toka Ebola. Wanapanga kuvitawanya kwenye michezo ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000. Popov anapojua, hata yeye anaogopa, anakimbilia kwa Clark na kusema yote. Hapo kikosi kinaokoa dunia.

2. Yale kitabu kinafanya vizuri

Tusiwe watu wa kusema tu mabaya. Kitabu kina mafunzo, na mwanafunzi anayekisoma hapotezi wakati wote.

Kwanza, kinaonyesha kazi. Maaskari wa Clark hawashindi kwa dawa ya kujifunga kiunoni ao kwa maji ya kunyunyiza. Wanashinda juu wanaamka asubuhi, wanakimbia, wanarudilia zoezi moja mara kumi, wanasoma ramani ya nyumba mbele ya kuingia. Kwetu huku, ambako vijana waliambiwa kwamba risasi inageuka maji, somo hilo si dogo.

Pili, kinaonyesha kusikilizana. Mwingereza, Mmarekani, Mjerumani, Mfaransa, kila mmoja na ukali wake, wanakula pamoja na kusikia amri moja. Sisi tunaoona namna kabila moja linavyomzania jirani yake vibaya, tunapashwa kusoma ukurasa huo kwa uangalifu.

Tatu, mwandishi anajua kushika msomaji. Kurasa za uwanja wa michezo tulizisoma kwa taa ya kitoroshi mpaka saa saba za usiku. Magaidi wanadai Carlos atolewe katika gereza la Ufaransa, na ili watu wajue kwamba hawacheki, wanamuua mtoto mgonjwa, msichana mdogo Anna, mbele ya macho ya wote. Hakuna mzazi atakayesoma hapo bila kufunga kitabu kidogo.

Lakini ni hapo hapo pia tunaanza kuachana na mwandishi. Homer Johnston, askari wa kupiga risasi toka mbali, anamwona muuaji wa Anna ndani ya darubini. Alipashwa kumpiga kichwani, jambo likwishe. Yeye anampiga tumboni kwa kusudi, ili afe pole pole na kwa maumivu. Wenzake wanajua. Wakubwa wanajua. Jambo linapita kwa maneno machache, na msomaji anaombwa afurahi. Tulipouliza wanafunzi wetu, karibu wote walisema: "Alifanya muzuri, mwalimu." Hatukushangaa. Tangu mwezi wa kumi wa mwaka 2014, watu wa Beni wanauawa kwa mapanga na wale wa ADF, na hakuna jamaa hapa Butembo isiyomjua aliyezikwa hivyo. Hasira ya Homer Johnston ni hasira yetu. Swali ni kujua kama hadithi inapashwa kutupa hasira yetu vile ilivyo, ao kama inapashwa kuifanya kitu.

3. Jina la mto

Mwaka 1976, ugonjwa usiojulikana uliua watu Yambuku, kaskazini mwa inchi yetu. Watu 318 waliugua na 280 walikufa. Munganga Jean-Jacques Muyembe alifika pale kati ya watu wa kwanza wa kuuchunguza. Wakati wa kuupa ugonjwa jina, wataalamu hawakutaka kuchafua jina la kijiji, wakachukua jina la mto usio karibu sana: Ebola. Kusudi lao lilikuwa zuri, kuwakinga watu wa Yambuku na haya. Lakini mto hauna mtu wa kuusemea. Jina lake likaenda ulimwenguni na halikurudi tena. Hata aina moja ya virusi hivyo inaitwa Mayinga, jina la muuguzi wetu, Mayinga N'Seka, aliyekufa Kinshasa mwaka ule wa 1976.

Clancy alichukua jina hilo mara mbili. Mbele ya Rainbow Six aliandika kitabu kingine, kilichotoka mwaka 1996, kwa kifaransa Sur ordre. Kule mambo yanaanza kwetu Zaire: mtoto anaugua Ebola katika hospitali ya wamisionari, mtawa mzungu anayemuuguza anaambukizwa, na munganga toka Irani anawapelekea wakubwa wake virusi hivyo ili vitumiwe juu ya Marekani. Tangu ugonjwa unapoondoka kwetu, kitabu nacho kinaondoka, na karibu hakirudi tena. Vilio vyote vinalia Marekani. Hapa palikuwa shamba la kuvuna sumu tu.

Tunalisema bila chuki. Mwandishi anaandikia watu wake. Lakini msomaji wa Kongo anapashwa kujua kwamba katika hadithi hii amewekwa pahali pa mbuyu: pahali ambapo mzigo unachukuliwa, si pahali ambapo mtu anakaa.

4. Ile siku darasani

Sasa tuseme jambo lililotuuma.

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ulikaa hapa na Ituri mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu zaidi ya 3 400 waliugua, na zaidi ya 2 200 walikufa. Katikati ya mwaka 2019, wakati magari ya "Riposte" yalikuwa yakipita mbio kwenye avenue zetu, mwanafunzi wa mwaka wa tano alisimama darasani na kitabu chetu mkononi. Alisema: "Mwalimu, ile kitabu ulinipatia inasema wazi. Kuko vaksini mbili. Ya A njo inaua watu, ya B ni ya wenyewe. Sasa sisi banatupiga ya gani?"

Kweli, hivi ndivyo ilivyoandikwa. Katika Rainbow Six, watu wa Brightling wanatengeneza chanjo mbili. Chanjo A, ya watu wote, ina virusi vya Shiva vilivyo hai: anayeipokea anafikiri anajikinga, kumbe anauawa. Chanjo B, ya kweli, ni ya wateule tu. Tena mbele ya hapo wanawajaribu dawa maskini waliookotwa kwenye barabara za New York.

Sisi tulijibu vibaya. Tulisema: "Hiyo ni hadithi tu, keti." Darasa likacheka, kijana akaketi. Nyuma ya majuma machache, kaka yake mkubwa aliandikwa kati ya watu waliomgusa mgonjwa. Alikataa sindano. Aliugua, akafa, akazikwa na watu waliovaa nguo nyeupe, mama yake akiwa amesimama mbali. Hatusemi kwamba kitabu ndicho kilichomuua. Watu walikuwa na sababu zao nyingine, na tutazisema. Lakini mtoto alituuliza swali la kweli, na sisi, wenye kulipwa kwa kujibu maswali, tulimwambia aketi.

Jibu tulilopashwa kutoa ni hili. Chanjo iliyotolewa hapa haikuwa na virusi vya Ebola vizima. Wataalamu walichukua virusi vingine, vya ugonjwa wa ng'ombe, wakavipandikizia kipande kimoja tu cha Ebola, ili mwili ujifunze kumtambua adui. Kipande kimoja hakiwezi kuleta ugonjwa wa Ebola, sawa vile mlango mmoja hauwezi kuwa nyumba. Lakini mwili unahitaji karibu siku kumi kwa kujifunza. Mtu aliyekuwa amekwisha ambukizwa mbele ya sindano aliweza kuugua nyuma yake. Jirani aliyemwona juma hili anapigwa sindano na juma lijalo anazikwa alisema: "Ni sindano imemuua." Macho yake hayakudanganya, lakini hayakuona mwanzo. Watu zaidi ya 300 000 walipokea chanjo hiyo, na hapana shaka mingi kati yao wako hai leo kwa ajili yake.

Pili, tulipashwa kumwambia kijana kwamba woga wake si ujinga. Kule Yambuku mwaka 1976, hospitali ilikuwa ikitumia sindano tano tu kwa siku kwa wagonjwa wote, bila kuzichemsha vizuri, na watu mingi walipata ugonjwa kwa sindano hizo. Hapa kwetu, mwezi wa kumi na mbili 2018, uchaguzi wa Beni na Butembo ulisukumwa mpaka mwezi wa tatu 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama, wakati wengine wa inchi walipiga kura. Watu wakaona kwamba ugonjwa umekuwa kitu cha politiki. Tena wageni walikuja na magari na feza kwa ugonjwa mmoja, wakati watu walikuwa wamelia miaka mine juu ya mauaji bila kuona magari hayo. Katika udongo wa namna hiyo, neno lolote baya linaota. Tarehe 19 mwezi wa nne 2019, munganga Richard Mouzoko, toka Kameruni, aliuawa kwa risasi hapa Butembo, katika hospitali, akiwa kazini. Alikuwa amekuja kutusaidia.

Ndiyo kosa kubwa tunalolaumu katika Rainbow Six. Mwandishi hakuandika kwa ajili ya Butembo, na mwaka 1998 hakuweza kujua. Lakini alichukua woga wa zamani wa maskini, ule wa kusema "wanatupa sumu kwa jina la dawa", akautumia kama mafuta ya gari lake, kisha akauacha barabarani. Kwa msomaji wa Marekani ni jambo la kusisimua usiku mmoja. Kwa msomaji aliye na sindano mlangoni kesho asubuhi, ni jambo lingine.

5. Mwindo naye alipigana

Hapa tunarudi kwenye mapokeo, juu si kweli kwamba sisi hatukuwa na hadithi za mapigano. Ndugu zetu Wanyanga wa Walikale wana karisi ya Mwindo. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliisema na kuiimba kwa siku mingi, na mwaka 1969 Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mtoto wa Wanyanga wenyewe, waliitoa katika kitabu. Vijana wanaomjua John Clark na hawamjui Mwindo, tunawahurumia.

Mwindo ni mpiganaji kweli. Baba yake Shemwindo alikatalia wake zake kuzaa mtoto mwanaume. Mwindo anapozaliwa, baba anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anaokoka, anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, anarudi na wajomba zake na kuharibu kijiji cha Tubondo kwa umeme. Hapana huruma. Mtu wa Clancy angemaliza hapo.

Karisi haimalizi. Mwindo anamfuata baba yake mpaka chini ya ardhi, hamuui, anamrudisha nyumbani. Kwa konga yake, ule mkia wa kupungia nzi, anawafufua wajomba waliokufa katika vita, na watu wa Tubondo pia. Kisha wanakusanyika, na baba anakiri kosa lake mbele ya wote. Ufalme unagawanywa. Vita havikwishi siku adui anaanguka. Vinakwisha siku mwenye kosa anasema "nilikosa" na watu wanasikia.

Tena kuna jambo la pili, na ni kubwa zaidi. Mwindo anaua Kirimu, joka lililomeza watu. Nani atamlaumu? Hata hivyo Nkuba, yaani Radi, rafiki wa Kirimu, anampandisha juu mbinguni na kumtesa kwa baridi, mvua na jua. Shujaa anaazibiwa kwa kuua kwake! Anakatazwa kuua tena wanyama. Anaporudi, anawapa watu wake sheria: walime mazao ya kila aina, wasigombane, wampokee kila mtoto anayezaliwa vile alivyo.

Wasomaji waangalie vizuri. Brightling wa Clancy anapenda pori na kuchukia watu. Clark anaokoa watu, na mwishoni anawachukua Brightling na wenzake, anawavua nguo na kuwaacha katika msitu wa Brazili wafe, na kitabu kinacheka kidogo. Kwa wote wawili, pori na watu ni maadui: mmoja anachagua pori, mwingine anageuza pori kuwa kitanzi. Karisi ya Wanyanga, iliyosemwa na watu wanaoishi ndani ya pori, inaweka sheria mbili katika kinywa kimoja: usiue ovyo wanyama, na mpokee kila mtoto. Hapo ndipo tunaona kwamba mzee wa Walikale aliona mbali kupita mwandishi wa Baltimore.

Na Homer Johnston? Katika karisi angepandishwa juu kwa Nkuba. Si kwa sababu muuaji wa Anna alistahili kuishi. Ni kwa sababu anayeua, hata kwa haki, anarudi kijijini na kitu mikononi, na kijiji kinapashwa kumwosha mbele ya kumkalisha kati ya watoto. Sisi tulio na vijana mingi waliotoka porini na bunduki, tunajua maana yake.

6. Kumaliza

Je, tuchome Rainbow Six? Hapana. Kitabu tulikirudisha kwenye rafu, na bado tunakiazima. Lakini sasa hatukiazimi peke yake. Mwanafunzi anayekichukua tunamwomba asome pia Mwindo, na anaporudi tunamuuliza maswali matatu. Nani katika hadithi hii hana jina? Nani analia, na nani hapewi nafasi ya kulia? Na nyuma ya risasi ya mwisho, nani anabaki kuzika na kupatanisha?

Kwa walimu wenzetu tunaomba jambo moja. Mtoto akiuliza kama hadithi ni kweli, tusijibu "ni hadithi tu". Wazee wetu hawakusema hivyo hata siku moja. Walisema hadithi, kisha walikaa na mtoto mpaka moto ulipozimika.

Yule kijana amemaliza masomo sasa. Alipokea sindano nyuma ya kilio cha kaka yake. Tulikutana naye barabarani, tukamwomba radhi kwa neno lile la "keti". Alituangalia kidogo, akasema: "Haina neno, mwalimu. Lakini siku ile nilikuwa nataka jibu ya kupeleka nyumbani."